UZI: Viumbe vamizi kwenye midomo ya mito. Chumvi ndiyo bawabu, na sisi ndio tunaomhonga

#1 Tope_Laini (mwenye uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mada ya viumbe vamizi majini ikianzishwa huanzia kwenye gugumaji na kuishia kwenye gugumaji. Leo nataka tushuke mpaka pale mto unapokutana na bahari, kwenye maji ya chumvichumvi. Pale uvamizi umekwenda kwa kasi ya kutisha, ila kwa kuwa maji yenyewe ni ya matope na hakuna anayekwenda kuyapiga picha, habari zake hazisikiki.

Tuanze na chumvi, maana bila hiyo uzi huu hautaeleweka. Bahari kuu ina gramu 35 hivi za chumvi kwa kila kilo ya maji. Mto una karibu sifuri. Mdomo wa mto uko katikati, na hautulii: maji yakijaa chumvi inapanda mtoni, yakipwa inashuka, masika ikipiga bara inasukumwa nje, kiangazi kikikaza inarudi ndani. Mnyama wa baharini ukimtupa hapo mwili wake unafyonza maji mpaka unavimba. Wa mtoni yeye anapoteza maji mpaka ananyauka. Wanaomudu hali zote mbili ni wachache mno.

Mjerumani mmoja mtaalamu wa wanyama, Adolf Remane, alilichora jambo hili mwaka 1934 akitumia takwimu za Bahari ya Baltiki, ambayo ni kama mdomo mmoja mkubwa wa mito mingi. Mchoro wake unaonyesha idadi ya spishi ikishuka kutoka upande wa bahari, ikishuka pia kutoka upande wa mto, na shimo lenyewe liko kwenye chumvi ya gramu 5 hadi 8. Wapo wanaosema mchoro huo hauwafai viumbe wadogo kabisa wanaoelea. Kwa wanyama wa sakafuni bado watu wanautumia.

Sasa fikirini. Eneo lina chakula tele kinacholetwa na mto, lakini wakazi ni wachache. Halafu binadamu akaenda kujenga bandari palepale: London, Hamburg, Rotterdam, Shanghai, New Orleans. Meli inanyonya maji kwenye mdomo wa mto mmoja, inakwenda kuyamwaga kwenye mdomo wa mto mwingine. Abiria aliyemo ndani ya tangi si kiumbe wa bahari kuu anayekuja kufia kwenye chumvi ndogo. Ni mzoefu, chumvi ya kupanda na kushuka ameizoea tangu yai.

Kesi kubwa kuliko zote ni Ghuba ya San Francisco. Mwaka 1998 Andrew Cohen na James Carlton walichapisha hesabu yao: spishi 234 za kigeni zilizokwisha kuota mizizi pale. Kati ya 1851 na 1960 ilikuwa inaingia spishi mpya moja kwa wastani wa kila wiki 55. Kati ya 1961 na 1995 ikawa moja kila wiki 14. Yaani walikuwa wanapokea mgeni mmoja kwa mwaka, wakaanza kupokea karibu wanne.

Katika hao 234 yupo mmoja nataka tumtazame vizuri, kombe mdogo wa Asia Mashariki aitwaye Corbula amurensis. Mtu mzima wake ni wa sentimita mbili tu na ushei. Alionekana mara ya kwanza Oktoba 1986 kwenye Ghuba ya Suisun, upande wa juu wa ule mdomo. Mwanzoni mwa mwaka uleule yalipita mafuriko makubwa yaliyosukuma chumvi yote nje na kuwaua wanyama wa sakafuni waliozoea chumvi. Sakafu ikabaki tupu. Kisha ukaja ukame wa miaka kadhaa, chumvi ikapanda tena, na wenyeji waliotaka kurudi wakakuta nafasi imeshikwa. Huyu kombe anaishi kwenye chumvi chini ya gramu 1 mpaka zaidi ya 30. Muda si mrefu sehemu nyingine walihesabiwa zaidi ya 10,000 kwa mita moja ya mraba.

Kazi yake ni kuchuja maji. Kwenye kina kifupi walikuwa wanaweza kuyachuja maji yote yaliyo juu yao zaidi ya mara moja kwa siku. Ule ukijani wa kiangazi, yaani planktoni ya mimea inayolisha kila kitu, ukakatika tangu 1987 na haukurudi kama ulivyokuwa. Vijikamba vidogo vya planktoni vikapungua, samaki wanaovila nao wakapungua, akiwemo smelti wa delta, samaki mdogo wa pale, ambaye leo yuko ukingoni kutoweka. Nitende haki hapa: smelti aliumizwa pia na maji ya mto kuvutwa na mapampu kwenda mashambani na mijini. Lakini samaki aliyekwisha kunyimwa maji, ukimnyima na chakula, unamsukuma shimoni.

Tena kuna la selenia, madini ambayo yakizidi mwilini ni sumu. Huyu kombe hukusanya selenia mwilini na kuitoa polepole mno. Samaki aitwaye stajoni na bata wazamiaji wanamla, na selenia inapanda nayo. Kwa hiyo hata pale ambapo mwenyeji amepata chakula kipya, chakula chenyewe kina sumu.

Naendelea kesho na maji ya meli. Karibuni kwa hoja.

#2 nanga_juu

Naweka kambi hapa. Mkuu, endelea.

#3 Mzee_Kasia

Uzi mzuri, ila nina neno. Viumbe vimekuwa vikihama tangu dunia iumbwe. Mbegu inaelea, ndege anabeba mayai miguuni, gogo linavuka bahari na wadudu wake. Huyo kombe akija kwa meli anaitwa mvamizi, akija kwa gogo anaitwa nini? Naona kama tunaogopa mabadiliko tu, tunayapa majina mabaya.

#4 Tope_Laini (mwenye uzi)

Mzee Kasia, shikamoo. Hoja yako ni nzito na siipuuzi.

Ni kweli vinahama. Ila gogo halitoki mto wa Asia Mashariki likavuka Pasifiki yenye chumvi ya gramu 35 kwa miezi mingi, likaingia mto wa California na mzigo wake wa viumbe wa maji ya chumvichumvi wakiwa hai. Kwa kiumbe wa mdomo wa mto, bahari kuu ni jangwa. Ndiyo maana kila mdomo wa mto ulijilea wenyewe na watu wake wachache. Meli imefuta lile jangwa. Tangi la meli ni kipande cha mto kilichofungwa kikavushwa salama.

Na jambo la pili ni kasi. Mmoja kila miaka elfu, wenyeji wana muda wa kujipanga. Mmoja kila wiki 14 ni mambo mengine.

Kuhusu jina, mimi mwenyewe sipendi kumwita kila mgeni mvamizi. Wengi wanafika na kufa kimyakimya, au wanaishi kona yao bila kumgusa mtu. Tena wapo ambao hatuwezi kusema ni wenyeji au wageni, maana meli zilikuwa zinazunguka karne nyingi kabla mtu hajaanza kuhesabu. Mvamizi kwangu ni yule anayepindua meza.

#5 Bosun_Mstaafu

Marahaba nyote. Mimi nimezeeka ndani ya meli za shehena, niwaeleze hili la maji ya balasti maana wengi wanalisikia bila kuliona.

Meli ikishusha mzigo inakuwa nyepesi, inayumba, na rafadha inaweza kutokeza juu ya maji. Kwa hiyo unavuta maji ya bandarini na kuyaweka kwenye matangi ili ikae sawa. Meli kubwa inabeba maelfu mengi ya tani. Ukifika unakopakia mzigo, unayamwaga. Zamani hakuna aliyeuliza yametoka wapi.

Mkataba wa kudhibiti maji haya ulipitishwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, mwezi Februari 2004. Ulianza kutumika 8 Septemba 2017. Hesabuni wenyewe miaka iliyopita hapo katikati. Njia ya kwanza ilikuwa kubadilisha maji baharini: angalau maili 200 za baharini kutoka nchi kavu na kina cha mita 200, unatoa ya bandarini unaingiza ya bahari kuu, na lazima ubadilishe si chini ya asilimia 95. Ikishindikana maili 200, basi angalau 50. Kwa karatasi ni rahisi. Bahari ikichafuka, kutoa maji tangini katikati ya mawimbi ni hatari, meli inaweza kuvunjika mgongo. Mkataba wenyewe unamruhusu nahodha kuacha akiona hatari.

Njia ya pili ni mtambo wa kusafisha, na kuanzia 8 Septemba 2024 meli zote zinazohusika na mkataba zinapaswa kufikia kiwango hiki. Kwa kila mita ya ujazo ya maji unayomwaga, viumbe hai wenye ukubwa wa maikromita 50 na zaidi (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) wasifike 10. Wadogo kati ya maikromita 10 na 50 wasifike 10 kwa mililita. Na kuna viwango vya bakteria, wa kipindupindu akiwemo.

Ila niwaambie kisichoandikwa kwenye tangazo la muuza mtambo. Tangi lina matope chini, na kwenye matope kuna mayai yaliyolala yanayoweza kungoja muda mrefu. Mtambo unasafisha maji, matope ni habari nyingine.

#6 Tope_Laini (mwenye uzi)

Bosun, umenirahisishia kazi. Niongezee kitu kimoja kuhusu chumvi.

Kubadilisha maji baharini kuna faida mbili. Moja ni kuwatoa viumbe. Ya pili, na wengi wanaisahau, ni kuwapiga wale waliobaki kwa chumvi kali ya ghafla. Kiumbe wa mtoni hapo hana lake. Kwa meli zinazotoka bandari za maji baridi kabisa njia hii ilikuwa na nguvu. Lakini wale wazoefu wa chumvi zote, akina Corbula, wanavumilia. Kwa maneno mengine, kinga ya kwanza ya dunia ilikuwa kali kwa wengine na laini kwa hawahawa tunaowazungumzia.

Na mitambo nayo ina shida mahali hapahapa. Aina moja kubwa hutengeneza klorini kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Chumvi ikipungua, klorini inapungua. Aina nyingine hutumia mwanga wa urujuanimno, na mwanga haupiti kwenye tope. Chujio la mbele nalo linaziba. Bosun, nisahihishe kama nimepotoka.

#7 Bosun_Mstaafu

Hujapotoka. Zipo bandari za mtoni ambako chujio linajisafisha bila kupumzika na mzigo unasubiri. Hapo ndipo wengine hufungulia maji yapite bila kusafishwa, ili ratiba isiharibike. IMO imetoa mwongozo kuhusu maji magumu ya namna hiyo, ila usiku wa manane, winchi zinapiga kelele na wakala anapiga simu, ni wewe na dhamiri yako.

Na msisahau nje ya meli. Kome na minyoo wanashika kwenye maungo ya chini, hasa kwenye vile visanduku maji yanakoingilia. Mtambo wa balasti hauwagusi hao.

#8 Tonge_Kubwa

Wakuu mnajichosha. Kaa analiwa, kombe analiwa, samaki analiwa. Wekeni bei nzuri, wapeni vijana nyavu, mwaka mmoja hakuna mvamizi. Binadamu amemaliza samaki wangapi ambao hakutaka hata kuwamaliza?

😂

#9 Dada_Mkoko

Tonge Kubwa kaka yangu, umechekesha, ila hili ngoja nilijibu mimi kwa sababu nimelifuatilia.

Delta ya mto Po, Italia. Kaa wa buluu kutoka pwani ya mashariki ya Amerika, Callinectes sapidus, alikwisha kuonekana Ulaya tangu 1900. Akakaa kimya miongo mingi, akionekana mmoja hapa mmoja pale. Mwaka 2023 akafumuka kwenye ile delta na kuingia mashamba ya kombe, akila wachanga kwa wakubwa. Serikali ya Italia ikatenga euro milioni 2.9 kuwalipa watu wamkamate na wamwondoe. Wapishi wakajitokeza kwenye televisheni na sufuria zao. Mikahawa ikamwuza. Na kaa yupo.

Na kichekesho chenyewe sikilizeni. Kombe waliokuwa wanalindwa kwa hasira zile si wenyeji! Ni kombe wa Manila, aliyepelekwa wangwa wa Venisi mwaka 1983 kwa ajili ya ufugaji. Mgeni anamla mgeni, na mwenyeji hata hayumo kwenye kesi.

Sasa Thailand. Kuna perege mwenye kidevu cheusi, Sarotherodon melanotheron, kwao ni wangwa na midomo ya mito ya Afrika Magharibi. Baba ndiye anayetamia mayai mdomoni, kwa hiyo vifaranga wengi wanapona. Anaishi maji baridi, anaishi bahari, anaishi hata maji yenye chumvi kuliko bahari. Mwaka 2010 waliingizwa kutoka Ghana kwa ajili ya utafiti wa kuboresha mbegu. Miaka michache baadaye wafugaji wa kamba wakaanza kulia kwamba mabwawa yao yamejaa samaki wasiyemtaka. Mwaka 2024 ikawa ajenda ya taifa: serikali ikamnunua kwa bahti 15 kwa kilo, na wakamwachia samaki mla nyama majini amtafune.

Shida ya bei iko hapa. Ukiweka bei ndogo, mvuvi hatoki. Ukiweka bei nzuri, umeanzisha biashara, na hakuna mfanyabiashara anayetaka mali yake iishe. Atavua wakubwa, wadogo atawaacha wakue, na akiona mto wa jirani hauna, kuna siku atawapeleka. Uvuvi unafaa kupunguza makali kwenye eneo dogo unalolilinda. Kumaliza spishi inayotaga mayai kwa malaki, hapana.

#10 Tonge_Kubwa

Dada umenimaliza. Narudi kwenye sahani yangu.

#11 Tope_Laini (mwenye uzi)

Kwenye hilo la kula niongeze kaa mwingine, maana yeye ndiye kielelezo cha chumvi inavyomfunga kiumbe.

Kaa wa China mwenye manyoya kwenye magando, Eriocheir sinensis. Alipatikana Ujerumani mwaka 1912 kwenye mto Aller, Thames mwaka 1935, Ghuba ya San Francisco mwaka 1992. Huyu anakulia maji baridi, anapanda mto mamia ya kilomita, anachimba mashimo kwenye kingo mpaka zinabomoka. Lakini hawezi kuzaa huko. Akikomaa lazima ashuke kwenye chumvi, ajamiiane, jike abebe mayai kuanzia robo milioni mpaka milioni moja, kisha wote wafe. Lava, yaani watoto wachanga wanaoelea, wanakulia kwenye maji ya chumvichumvi, wakipata miguu wanaanza kupanda.

Maana yake ni kwamba kila mwaka, msimu wa vuli, jamii yote inapita mlango mmoja. Mwaka 1998 walishuka wengi kiasi kwamba vituo vya California vya kuokoa samaki kwenye mapampu ya maji viliziba kwa kaa. Halafu pale California wakaporomoka wenyewe, miaka ya karibuni hawaonekani tena. Thames na Ujerumani wapo mpaka leo. Spishi ileile, mito tofauti, matokeo tofauti. Ndiyo maana siamini mtu anayekuja na utabiri wa uhakika.

Na kuhusu kuliwa: huyu kwao ni kitoweo cha heshima na bei yake ni kubwa. Sehemu kadhaa zimepiga marufuku kumsafirisha hai kwa sababu hiyohiyo aliyoitaja Dada Mkoko.

#12 mwanafunzi_wa_maji

Habari za humu wakubwa zangu. Mmeongelea wanyama tu. Mimea je? Mikoko si ndiyo mwenye nyumba kule?

#13 Dada_Mkoko

Mdogo wangu umegusa penyewe.

Mnyama vamizi anakila chumba. Mmea vamizi anakijenga upya. Mwaka 1906 mnipa, ule mchikichi mfupi wa matope wa Asia, uliletwa Calabar kutoka Bustani ya Mimea ya Singapore. Nia ilikuwa njema, kuzuia kingo zisimomonyoke. Leo umetapakaa Delta ya Niger. Hauna mizizi ile ya kutambaa hewani kama mkoko, na ile mizizi ndiyo nyumba ya samaki wachanga na kaa. Mafuta yakimwagika na kuua mikoko, mnipa unawahi nafasi. Kwao Asia watu wanaezekea makuti yake na kugema utomvu wake. Huku ulikuja bila watumiaji wake.

Na kuna nyasi za Spartina, hizi ni hadithi ya peke yake. Nyasi ya Amerika ilifika kusini mwa Uingereza, ikachanganya damu na nyasi ya pale. Chotara akaonekana mwaka 1870, tasa. Kisha kromosomu zake zikajizidisha mara mbili, akawa na uwezo wa kuzaa, spishi mpya kabisa: Spartina anglica. Watu wakaipenda kwa kushika matope, wakaisambaza duniani. China walipanda ile ya Amerika mwaka 1979 kukinga pwani. Ikameza tambarare za matope ambako ndege wahamao hupata chakula, na mwaka 2022 serikali ikaanzisha mpango wa kitaifa wa kuing'oa. Kisiwa cha Chongming, mdomoni mwa Yangtze, walijenga tuta kuizunguka, wakaikata, wakaizamisha majini mpaka ikafa.

Mnaona? Kaa wa buluu na yule Corbula waliletwa kwa bahati mbaya. Mimea hii tuliipanda kwa mikono yetu na kupigiana makofi.

#14 Mzee_Kasia

Nimesoma yote. Basi nijibuni hili: yupo aliyewahi kushinda? Maana naona fedha zinamwagwa tu. Kama hakuna, bora tukubali yaishe.

#15 Tope_Laini (mwenye uzi)

Wapo, Mzee. Wachache, na ukiwasoma utaona wanafanana.

Darwin, Australia, Machi 1999. Wapiga mbizi wakagundua kome mwenye mistari myeusi, Mytilopsis sallei, asili yake Karibi, kwenye gati la mashua. Ukaguzi wa miezi sita nyuma haukumwona. Sasa alikuwa zaidi ya 20,000 kwa mita ya mraba sehemu nyingine. Hawakuunda kamati ya kuchunguza. Darwin maji hujaa na kupwa kwa tofauti inayoweza kufika mita nane, kwa hiyo magati yake ya mashua yana milango ya kufunga maji yasitoke. Wakafunga milango, wakamwaga klorini na salfati ya shaba kwenye magati matatu, wakasaka kila mashua iliyokwisha kuondoka. Kila kilichokuwa hai ndani kikafa, wenyeji kwa wageni. Ndani ya mwezi mmoja hivi kome alikuwa amekwisha, na gharama ilikuwa kama dola milioni 2.2 za Australia.

Kesi ya pili ni ya subira. Ghuba ya Chesapeake, Marekani. Nutria, panya mkubwa wa majini wa Amerika Kusini, aliletwa 1943 kwa ajili ya manyoya. Biashara ikafa, panya wakabaki, wakala mizizi ya nyasi za kinamasi mpaka kinamasi kikageuka maji matupu. Kampeni ilianza 2002. Walitumia mitego na mbwa wa kunusa, na walikamata nutria kadhaa, wakawafunga redio, wakawaachia wawaongoze kwa wenzao. Waliondolewa zaidi ya 14,000. Septemba 2022 ikatangazwa rasmi kwamba wamekwisha upande ule.

Tazama tofauti. Kome wa Darwin alikamatwa akiwa nyuma ya mlango unaofungika. Nutria ni mnyama mkubwa, anaonekana, anazaa wachache, hatoi lava zinazoelea na mkondo. Mnyama anayetoa lava kwa mamilioni kwenye maji yaliyo wazi, akishapita wiki za mwanzo, umemkosa. Kwa hiyo mimi nikipewa fedha leo, sehemu kubwa naiweka kwenye balasti, maungo ya meli, na watu wa kukagua nguzo za gati kila msimu. Siku hizi wanachota hata maji tu na kupima vinasaba vilivyomo, unajua nani amepita kabla hujamwona. Kinachobaki nakipa waliokwisha kuvamiwa wajifunze kuishi naye.

#16 Mzee_Kasia

La Darwin limenikaa. Waliwahi. Lakini bado nasema si kila mgeni ni balaa.

#17 mwanafunzi_wa_maji

Mzee ana hoja. Nimesoma kuhusu mnyoo Marenzelleria kule Baltiki, aliingia miaka ya 1980. Wanasema anachimba chini kuliko minyoo ya kienyeji na kupeleka oksijeni kwenye tope lililokuwa limekufa. Huyo naye tumwueje?

#18 Tope_Laini (mwenye uzi)

Hapana, huyo aachwe, na hata ungetaka usingeweza. Sakafu ya Baltiki ina maeneo makubwa yasiyo na oksijeni kwa sababu ya mbolea inayotiririka kutoka bara. Mnyoo akichimba, oksijeni inashuka, na fosforasi inaweza kushikwa kwenye tope badala ya kurudi juu kulisha mwani. Hiyo ni faida. Upande wa pili, kuchimba kwake kunaweza kufukua sumu za zamani zilizokwisha kuzikwa. Ila tuseme ukweli, anasifiwa kwa kuziba pengo ambalo sisi ndio tuliolifungua. Mbolea ingezuiwa, minyoo ya kienyeji ingetosha.

#19 nanga_juu

Swali langu la mwisho. Ile habari ya yavuyavu wa Bahari Nyeusi aliyekuja kuliwa na yavuyavu mwenzake, si dawa hiyo? Kwa nini tusilete adui wa kila mvamizi?

#20 Tope_Laini (mwenye uzi)

Nilikuwa nangoja mtu aulize.

Mnemiopsis leidyi anafanana na yavuyavu ila hana miiba ya kuwasha, anaogelea kwa vitana vidogo vinavyometameta. Kwao ni midomo ya mito na pwani za Atlantiki upande wa Amerika. Mmoja ana jinsia zote mbili, anajitosheleza, anatoa mayai maelfu kwa siku. Alionekana Bahari Nyeusi mwaka 1982. Mwisho wa muongo ule alikuwa amejaa kila mahali, anakula planktoni, anakula mayai ya dagaa na dagaa wachanga. Uvuvi wa dagaa, ambao tayari ulikuwa umekamuliwa kupita kiasi, ukaanguka.

Mwaka 1997 akatokea Beroe ovata, naye kwa njia ya meli inavyoaminika. Chakula chake ni Mnemiopsis na jamaa zake, karibu basi. Mnemiopsis akapungua, dagaa wakapata nafuu. Hakuna aliyepanga. Ilikuwa bahati.

Sasa sikiliza upande wa pili. Mnemiopsis alipita mfereji wa Volga na Don, uliofunguliwa 1952, akaonekana Bahari ya Kaspi mwaka 1999. Uvuvi wa kilka, jamaa wa dagaa, ukaporomoka ndani ya miaka michache. Watu wakasema kama wewe: leteni Beroe. Wakampima Iran kwa maji ya Kaspi. Akawa anakula vizuri tu, lakini kuzaa kukawa tabu. Kwenye maji ya juu ya Bahari Nyeusi chumvi ni gramu 18 hivi. Kaspi ni kama 13. Tofauti ya gramu 5, mla na mliwa wakaachana njia, maana Mnemiopsis yeye anazaa hukohuko. Zoezi la kumwachia likabishaniwa mpaka likaishia mezani.

Na hata angezaa, Kaspi ina viumbe wengi wasiopatikana popote pengine. Beroe anajulikana kwa kuchagua chakula, kwa hiyo hatari yake ilionekana ndogo. Je, adui wa Corbula ambaye anakula kombe wa kila aina? Huyo mimi simruhusu kushuka melini.

#21 Bosun_Mstaafu

Na kama atashuka, atashukia upande nisiokuwa zamu. Tope Laini, tufungulie uzi wa maungo ya meli, huko kuna mengi zaidi ya balasti. Nina ya kusema kuhusu rangi za kuzuia kome.

#22 Tope_Laini (mwenye uzi)

Nautengeneza, Bosun. Wewe andaa ya rangi, hasa zile za shaba na zile zilizopigwa marufuku za bati. Dada Mkoko, tukifika kwenye chaza waliopelekwa Oosterschelde, kule Uholanzi, mwaka 1964 ikidhaniwa maji yale ni baridi mno kwao kuzaa, nakuachia uwanja.

#23 Dada_Mkoko

Niachie. Majira ya joto ya 1975 na 1976 ndiyo nitakayoanzia.